Taa ya Njano kwenye Mteremko wa Manyovu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakiona kidole gumba changu kikibonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa kijiti cha gia. Kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza tena, na mwenye kidole hajui anachofanya.

Nakuandikia habari ya siku hiyo kwa sababu Jumamosi unapanda Manyovu kumchukua bibi yako, na gari ulilonunua ni automatiki, lina kitufe kile kile. Juzi uliniuliza kwenye simu, "Baba, hii overdrive inatumika wakati gani?" Nikaanza kukujibu. Nikasema taa iwake, nikasema hapana, isiwake, nikarudi tena nyuma, mwisho ukacheka ukaniambia ninywe maji kwanza. Ulikuwa na haki ya kucheka. Kwa mdomo sijawahi kulieleza jambo hili bila kukosea. Nimeona niandike, polepole, nikikosea nifute.

Sina hakika kama nimefikia umri wa kutoa nasaha. Siku hiyo yenyewe sikuwa kijana mbichi, nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina mke na mtoto, ambaye ni wewe. Lakini kwenye gari la automatiki nilikuwa mtoto kabisa, kwa hiyo nahesabu kwamba ni habari ya ujana.

Wewe ulizaliwa kule juu, nyumbani kwa bibi yako, maana kwao ndivyo walivyofanya: mimba ya kwanza binti anarudi kwa mama yake. Mdogo wako alipokuja ikawa zamu ya bibi kushuka kwetu. Mama yenu alijifungulia hapa mjini, tulipokuwa tumepanga Rusimbi, na hakutoka salama sana. Alipoteza damu nyingi. Aliporudi nyumbani alikuwa anakwenda msalani kwa kushika ukuta, na akawa haombi kitu, si chakula, si dawa. Alikuwa anamtaka mama yake tu.

Na bibi yako alikuwa hajawahi kukanyaga nyumba yangu. Nisimseme vibaya, alikuwa na sababu zake. Binti yake ndiye aliyekuwa akimsaidia shambani, mimi nikaja nikamchukua nikamshusha ziwani, mahali ambapo yeye aliona watu hawalimi, wanasubiri samaki. Safari hii alikubali kuja, lakini alituma maneno. Alisema nimfuate mwenyewe, na njiani akiona mambo hayaeleweki, atashuka garini na kurudi kwake kwa miguu.

Mama yenu aliponiaga asubuhi ile alinishika mkono. "Akishuka njiani harudi tena," aliniambia. "Mimi namjua. Mlete tu, hata kama mtafika usiku."

Gari niliazima kwa Sudi, rafiki yangu tuliyezoea kuitana shemeji, aliyekuwa na duka la vitenge pale Mwanga. Mimi nilikuwa naendesha pikapu ya kubebea mawese, gari la klachi, na kwa gari la klachi sikuwa mjinga. Nilijua kwamba kwenye mteremko unaweka gia nzito ili injini yenyewe ilizuie gari, mguu wako upumzike. Hilo nililijua vizuri, naomba uliandike upande wangu. Lakini gari la Sudi lilikuwa dogo, la Kijapani, halina klachi, na tulikuwa tunaongea mlangoni mwa duka huku wateja wanamwita.

"Mguu wa kushoto ulaze, hauna kazi leo," Sudi aliniambia. "Weka kwenye D, kanyaga mafuta, nenda."

"Na hiki kitufe?"

"Hiyo overdrive. Gia ya nne, ile ya mwisho, ya kukimbilia. Kwenye tambarare iache iwepo. Mlimani, unapanda au unashuka, itoe."

"Naitoaje?"

"Si unabonyeza."

"Na nitajuaje kama imetoka?"

"Ah, shemeji, si kuna taa!" Akaingia ndani kumpimia mama mmoja kitenge.

Sudi hakunidanganya. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na kila neno alilosema lilikuwa kweli. Ila aliniambia kuna taa, hakuniambia taa inasema nini.

Sasa tulia nami hapa, mwanangu, maana hapa ndipo ninapopotea hata leo. Nilipobonyeza kitufe, taa ndogo ya njano iliwaka kwenye dashibodi, imeandikwa O/D OFF. Nikabonyeza tena, ikazimika. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini OFF naijua, maana yake kimezimwa. Lakini mbona inawaka? Redio ikiwa na taa, imewashwa. Pasi ikiwa na taa, imewashwa. Sijawahi kuona kitu kinachowasha taa kukuambia kwamba hakipo. Nikajiambia labda yale maandishi ni maelekezo, kama mlango ulioandikwa SUKUMA, yaani ukitaka kuzima bonyeza hapa. Basi nikaamua: taa ikiwaka, overdrive ipo. Taa ikizimika, overdrive imetoka. Niliamua kwa nia njema, nikakosea, na baada ya hapo nikatii maagizo yote ya Sudi kinyume.

Kutoka mjini mpaka Mwandiga, barabara nzuri, nikawasha taa. Injini ikanguruma njia nzima kama mtu aliyenuna, na gari haliendi kwa raha. Nikafikiri ndivyo overdrive ilivyo, ni kitu cha nguvu, lazima kipige kelele. Nilipoanza kupanda milima nikaizima taa. Hapo gari likaanza kusitasita: linaingia gia ya juu, linachoka, linarudi ya chini, linaingia tena ya juu. Nikalilaumu gari. Nililionea.

Bibi yako alinipokea vizuri, lakini kwa desturi yake. Yeye na mkwe wake hawakuwa wakisemezana uso kwa uso. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anaangalia migomba, na maneno mengine yote yakapitia kwa mdogo wake, bibi yako Skola, aliyekuwa anatusindikiza. Tulikula ugali wa muhogo na maharage, mimi chumba kimoja, wao kingine. Kisha tukapakia: gunia la maharage, mkungu wa ndizi, kuku wawili, na kigoda chake. Nikashangaa kigoda cha nini, mjini viti vipo. Skola akaninong'oneza, "Akikasirika anataka pa kukaa pasipo pako."

Wakakaa wote wawili kiti cha nyuma. Tukaanza kushuka.

Barabara ya wakati ule haikuwa hii unayoijua. Kulikuwa na vipande vizuri na vipande vya kifusi, na mteremko ndio huo huo. Taa nilikuwa nimeizima, nikiamini overdrive nimeitoa. Kumbe ndiyo nimeiachia. Gari lilikuwa kwenye gia yake nyepesi kuliko zote, na mzigo wote ule, na hakuna kinachotuzuia isipokuwa mguu wangu wa kulia. Kila nikiachia breki gari linachomoka. Nikawa nakanyaga muda wote. Nilihisi kuna kitu hakiko sawa, maana pikapu yangu isingenifanyia vile, lakini nikajiuliza: labda automatiki ndiyo zilivyo? Nikabonyeza kitufe, taa ikawaka, nikaogopa, nikaizima haraka kabla injini haijashika. Kuna wakati nilifikiria hata kutia nyutro, gari liteleze bila gia, kama wanavyofanya wengine ili kuokoa mafuta. Mungu alinizuia, sikutia.

Harufu ilianza kabla hatujafika mbali.

"Skola," nikasikia nyuma, "mwambie mkwe kuna kitu kinaungua."

"Mkwe, Dada anauliza kama kuna mtu anachoma kitu huko nje."

"Mwambie Mama ni breki tu. Hamna shida."

"Anasema hamna shida, Dada."

"Nimesikia. Mwambie mimi nina pua."

"Dada anasema... anakushukuru kwa uendeshaji."

Kwa nini sikusimama? Nimejiuliza sana. Nadhani niliona kwamba nikisimama na kufungua boneti mbele ya mama mkwe, hapo ndipo mambo yatakapoonekana hayaeleweki, naye atachukua kigoda chake aondoke. Nilikuwa namwona mama yenu ameshika ukuta. Basi nikawa naendelea kushuka na jambo nisilolielewa ili nisionekane kwamba silielewi.

Pedali ya breki ikaanza kulegea. Mwanzo ilikuwa inashikia juu, sasa inashikia katikati, kisha chini. Mbele yetu kulikuwa na kona ya kulia, na ng'ambo ya kona kuna bonde tu. Nikakanyaga. Gari likapunguza kidogo, kisha likawa kama halinisikii.

Mkono ukanishika begani. Haukuwa mkono wa Skola.

"Simama, mwanangu! Simama sasa hivi!"

Miaka yote ile hakuwahi kunielekezea neno. Nilivuta breki ya mkono, nikakanyaga kwa nguvu zote na nikaupeleka usukani upande wa mlima, tairi la mbele likaingia kwenye mtaro wa maji, tukagonga tuta la udongo, tukasimama. Kuku walipiga kelele. Sisi hatukupiga.

Bibi yako alifungua mlango, akachukua kigoda chake, akavuka mtaro, akakaa. Alikaa ameelekea juu, kule alikotoka, na mimi nikajua nimekwisha.

Skola alitaka kumwagia maji magurudumu, yalikuwa yanafuka moshi. Nilimkatalia. Chuma kilichochemka vile ukikimwagia maji baridi kinaweza kupinda au kupasuka. Hilo nililijua kutoka kwenye pikapu. Nikapanda kwenye kijiinuko kutafuta mtandao, nikampigia Sudi.

"Sudi, overdrive ikitoka taa inawaka au inazimika?"

"Inazimika. Ngoja. Inawaka."

"Ipi?"

"Ngoja nikumbuke, shemeji, usinipelekeshe. Nikiwa Mwanga hapa... hapana. Unajua mimi kidole ndicho kinachojua, mdomo haujui. Nikikaa ndani ya gari nitakwambia."

"Lakini gari ninalo mimi!"

"Ndiyo hapo sasa."

Simu ikakatika. Nikashuka, nikasimama mbele ya bibi yako, mbali kidogo kama inavyotakiwa. Yeye akamgeukia mdogo wake.

"Skola, muulize mkwe. Akishuka huu mlima na mzigo wa maharage kichwani, analegeza magoti aende mbio, halafu ajizuie kwa nyayo?"

Skola safari hii hakubadilisha neno. Alinitazama tu, maana nilikuwa nimesikia.

"Hapana," nikasema. "Unakaza mwili. Unatembea hatua fupi."

"Basi kwa nini gari lake analishusha kwa nyayo?"

Mwanangu, kwenye pikapu nisingehitaji kuulizwa hivyo. Breki ndizo nyayo, injini ndiyo mwili, gia nzito ndiyo hatua fupi. Nilikuwa najua yote hayo, nikayaacha nyumbani pamoja na klachi. Lakini bado nilikuwa sijui taa inasema nini, na hapo nikachoka kujifanya. Nikamwambia yeye mwenyewe, si Skola:

"Mama, sijui. Hiki kitufe sijui taa ikiwaka imetoka au imeingia. Tangu asubuhi nabahatisha."

Kisha akasema, bado kwa Skola, "Kumbe anaweza kusema hajui. Mwambie basi azime moto kabisa, tushuke kimya kimya."

Hapo na yeye hakuwa sahihi, na kwa heshima zote niliona nimwambie. Injini ikizimwa usukani unakuwa mgumu na breki zinapoteza nguvu. Alisikiliza. Akasema, "Haya. Kama kuna njia mbili, ajaribu zote mbili. Sisi tukiwa nje ya gari."

Tulisubiri mpaka magurudumu yakapoa kiasi cha kuweza kusogeza mkono karibu, na pedali ikarudi juu. Nikalitoa gari mtaroni, nikaipita ile kona polepole kabisa, gia nimeivuta kwenye 2, ile nzito iliyo chini ya D. Mbele yake palikuwa na kipande kirefu, kinainama kidogo tu, unaona mpaka mwisho. Nikarudisha D. Taa imezimika, gari likashika mwendo, nikaondoa mguu kwenye mafuta: likateleza lenyewe, jepesi, linaongeza. Nikabonyeza. Taa ya njano ikawaka. Injini ikanguruma, ule mnuno wa asubuhi, na gari likajizuia kama limeshikwa shati kwa nyuma. Nikaizima, likaachia. Nikaiwasha, likashika.

Taa ikiwaka, overdrive haipo. Nililisema kwa sauti peke yangu ndani ya gari. Hata leo nikikaa kwenye usukani nalisema, kwa sababu akili yangu bado inalikataa.

Niligeuza nikarudi kuwachukua. Bibi yako alisimama, akabana kigoda kwapani, nikasubiri kuona ataelekea wapi. Akazunguka gari kwa mbele, akafungua mlango wa kushoto, akakaa kiti cha mbele, ubavuni mwangu, jambo ambalo kwa desturi yake halikuwa dogo.

"Skola, mwambie mkwe aendeshe. Hiyo taa nitaiangalia mimi."

Akaiangalia mpaka chini. Palipoinama sana nilivuta gia kwenye 2, palipolala nikarudisha D, na taa ikabaki inawaka. Tulipofika tambarare ya Mwandiga nikaizima, injini ikatulia, na yeye akauliza kwa wasiwasi, "Skola, mbona amezima?" Nikamweleza kwamba sasa hatuhitaji kushikwa, tunahitaji kwenda, na kwamba gari likiachiwa gia yake ya mwisho hapa injini haichoki na mafuta yanakwenda mbali. Sijui kama alinielewa. Alisema, "Mm."

Mama yenu alikuwa amesimama ameshika ukuta tulipoingia. Bibi yako hakusema neno kuhusu njia. Aliweka kigoda pembeni ya kitanda, akakaa, akamchukua mtoto. Alikuwa amesema atakaa wiki. Akakaa mpaka mama yenu akawa anakwenda kisimani mwenyewe.

Basi sikiliza, mwanangu, niyaweke pamoja.

Barabara ya lami, tambarare, unakwenda mwendo wa kutosha: overdrive iwepo, taa isiwake. Watu watakuambia inakula mafuta, uizime. Ni kinyume, ndiyo inayoyaokoa. Unapanda na gari linasitasita kati ya gia mbili: itoe, taa iwake. Unataka kulipita lori na unahitaji nguvu: itoe, ukishapita irudishe. Unashuka mlima: itoe kabla hujaanza kushuka, si katikati umeshachanganyikiwa, na pakiwa pakali sana vuta kwenye 2, hata L iliyo nzito zaidi, ukiwa umeshapunguza mwendo. Breki zikanyage kidogo kidogo, ukiachia zipumue. Nyutro usitie, moto usizime. Ukisikia harufu, simama, ngoja, usimwage maji. Mjini, kwa mwendo mdogo, sidhani kama utaona tofauti yoyote. Na magari ya siku hizi mengine hayana kitufe hicho kabisa; hayo siyajui, usiniulize.

Haya ni ya gari. La kwangu, ninaloweza kulisema bila kuchanganya, ni hili: usishuke na jambo usilolielewa kwa sababu tu kuna mtu anayekuangalia. Simama pembeni, sema hujui. Mimi nilidhani neno hilo litamrudisha kwao. Ndilo lililomweka kiti cha mbele.

Jumamosi atataka kukaa hapo hapo. Macho yake siku hizi hayaoni taa, kwa hiyo atakuuliza kila kona kama inawaka. Usimcheke kama ulivyonicheka mimi. Mjibu, "Inawaka, Bibi," hata akiuliza mara mia, kwa sababu kule mlimani nawe utahitaji kuusikia mdomo wako ukisema hivyo.

Mungu akupandishe salama na akushushe salama. Breki zako zishike, na moyo wako uwe mwepesi kukiri. Na popote utakapokuwa unateremka, mwanangu, asikose mtu nyuma yako wa kukushika bega, akavunja hata miiko yake, akakuambia simama.